Waliita Mara Saba kwenye Chaneli ya Kumi na Nne

Boti ya Cirhuza ilianza kujaa maji mbele ya kisiwa cha Nkombo saa tisa kasoro robo mchana, na kwa karibu saa nzima iliita kwa redio. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya redio. Sikusikia. Ndani ya boti hiyo walikuwamo mke wangu Épiphanie na binti yetu Gaju, wa miaka tisa.

Hakuna mtu aliyenizuia kusikia. Nilijizuia mwenyewe, siku kumi na tisa kabla, kwa koleo dogo la kukatia nyaya.

Kwa wanaonisoma gazetini leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Vénuste, fundi redio wa Kamembe. Nilizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, nikaacha shule darasa la tano. Mwaka 1994 tulivuka mpaka na kurudi upande huu, nchi ya wazazi. Nimekwisha kueleza jinsi walivyoniibia karakana ya kwanza mpaka misumari, na jinsi mdogo wangu alivyokwenda vitani ng'ambo mwaka 1998 na hakurudi. Msomaji mmoja ameliandikia gazeti kwamba mimi ni mtu wa bahati mbaya.

Asome ya leo. Hii haikuwa bahati.

Ilikuwa mwaka 2000. Simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa. Watu wa ziwani walikuwa na redio, zile ndogo za madereva wa malori, zenye chaneli arobaini, zinazokuja zimefungwa ndani ya malori makuukuu ya Ulaya. Nilizing'oa kwenye malori, nikazisafisha, nikazifunga kwenye boti na betri ya gari.

Kwangu, kilimani juu ya bandari, nilisimamisha antena ndefu juu ya mabomba ya maji. Kwa hiyo mimi nilisikia mbali kuliko wote. Mabaharia wakakubaliana: chaneli ya kumi na nne ni ya boti, na fundi ndiye msikilizaji. Saa sita na saa tisa nilitaja boti moja moja, na kila boti iliitika. Isiyoitika niliiwekea mstari daftarini. Shida ikitokea, nateremka mbio bandarini, boti ya haraka inaondoka.

Walinilipa kwa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Watu walinisalimu kwa heshima. Nilipenda heshima ile, siwezi kukataa.

Basi akaja Ridhwani.

Ridhwani alikuwa na duka la chumvi na sabuni, baba wa watoto wanne, mtu wa msikitini na mtu wa mzaha. Alinitupia mezani kisanduku kizito kilichofungwa ndani ya kitenge.

"Papa Gaju, fungua uone hiyi maiti."

Nilifungua. Ilikuwa ampli, yaani kile chombo cha kuongezea redio nguvu, ya zamani, ya taa nne za kioo. Panya walikuwa wamezaa ndani.

"Umeitoa wapi?"

"Bujumbura. Walinipa miaka mingi, pamoja na ile redio niko natumia dukani. Walisema inafika mpaka Ulaya."

"Sasa haifiki hata mlangoni."

"Ulaya niko nafanya nini? Mi nataka Goma. Ndugu yangu wa Goma anisikie kama vile niko nyuma ya comptoir ya duka yake."

"Goma ni mbali kwa redio hii."

"Kama ni kuambiwa ni mbali, ningebakia nyumbani. Bibi yangu angeniambia bure."

Tulicheka. Nikaichukua.

Wiki mbili nzima niliifufua maiti ile. Nilitoa kapasita zote zilizovimba. Nilisugua kutu kwa brashi ya meno na petroli. Taa mbili nilizitafuta Bukavu. Transfoma ilikuwa imeungua, nikaisuka upya kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko.

Épiphanie alihesabu mizunguko. Yeye alimaliza sekondari, mimi darasa la tano. Tangu tuoane alikaa upande wa pili wa meza yangu, ananipa vipuri, anasoma rangi zake kabla mimi sijavaa miwani. Mtu akimwuliza kazi yake, alijibu: "Mi ni fundi. Huyu ni mikono yangu."

Taa ziliwaka. Ridhwani akaita Goma.

"Nakusikia," ndugu yake akajibu, "lakini uko kama mgonjwa. Kula kwanza."

Ridhwani alinitazama. Angesema kitu, labda ningemjibu vibaya na mambo yangeishia hapo.

Siku ya pili yake, Jumatatu, Épiphanie akiwa sokoni, nilifungua redio yenyewe, aliyoniachia Ridhwani.

Ndani ya kila redio ya namna ile kuna kipuri kidogo chenye miguu mitatu. Kazi yake ni kuizuia sauti isizidi kipimo. Ukikikata, sauti inavimba, inatoka kubwa kama ya tarumbeta. Lakini haikai tena kwenye chaneli yake. Inamwagika kwenye chaneli za jirani, na kama karibu pana mtu anasikiliza boti ndogo iliyo mbali, inamziba masikio.

Kila fundi anajua hilo. Mimi nilijua. Naandika hivyo ili asije mtu akanitetea kwamba sikusoma.

Nilikikata. Ilikuwa kazi ya pumzi moja.

Jioni ile Goma ilipiga kelele. "Ridhwani! Uko Goma? Umefika saa ngapi?"

Ridhwani alinikumbatia mbele ya wateja wake. Na Cirhuza, nahodha wa boti ya *Dieu Merci*, akaniita kutoka ziwani, anacheka: "Papa Gaju! Huyu Ridhwani minamupata kwenye kumi na tano, minamupata kwenye kumi na sita, na kwetu kumi na nne minamupata!"

"Umeona kazi?" nilimjibu.

Hayo ndiyo maneno yangu. Mtu ananiambia chaneli ya boti imeingiliwa, mimi namwambia ameona kazi.

Jumapili iliyofuata alikuja mchungaji wa kikanisa kidogo cha chini kwetu. Alikuwa bado na Biblia kwapani.

"Fundi, Muislamu anahubiri kwangu."

"Vipi?"

"Nimesimama, nimefunga macho, nimesema Bwana, sema nasi. Haut-parleur, spika ya kanisa, ikajibu: chumvi imefika ao haiyafika?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Épiphanie naye alicheka, kisha akaacha.

"Papa Gaju," aliniuliza mchungaji alipokwisha kuondoka, "sauti ya Ridhwani inaingiaje kwa haut-parleur?"

"Nyaya za kanisa ni mbovu."

Nyaya za kanisa zilikuwa nzima. Nilizifunga mimi.

Siku kumi baadaye Gaju alitoka wa kwanza darasani, na mama yake alikuwa amemwahidi safari ya boti. Walikwenda Kibuye kwa shangazi, Alhamisi. Walikuwa warudi Jumamosi na *Dieu Merci*.

"Papa," Gaju aliniambia bandarini, "saa ya kuitika, ni mimi nitaitika. Papa Cirhuza asiguse."

"Umwombe yeye. Ni boti yake."

"Nimeshamuomba. Amekubali. Anataka nimupe bombo."

"Pipi moja tu," Cirhuza alisema. "Mi si mwizi."

Jumamosi saa sita nilitaja boti. Nilipofika yao:

"*Dieu Merci*!"

"*Dieu Merci* iko!" Sauti ya mtoto. Mabaharia wengine wakaanza kucheka kwenye chaneli.

"Mama yako?"

"Amelala. Maji iko inacheza kidogo. Papa Cirhuza anasema niseme terminé, lakini mi siyamaliza."

"Sema basi."

"Tulikula samaki kwa shangazi. Na nilipewa viatu. Sasa terminé."

Niliweka alama daftarini. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia.

Saa nane mvua ikaanguka, mvua ya mwezi wa kumi, mabati yakawa yanalia. Saa tisa kamili nilianza kutaja boti. Ridhwani naye alikuwa hewani, kwake chini, mita mia mbili kutoka kwangu, anaongea na Goma. Sauti yake ilikuwa imejaa kwenye redio yangu, imepasukapasuka, maneno hayajulikani. Boti mbili ziliitika kwa shida. *Dieu Merci* haikuitika.

Niliweka mstari.

Mnajua kwa nini sikushtuka? Kwa sababu Cirhuza alikuwa na mazoea ya kutoitika akiwa anakaribia. Alisema ya nini kuitika, na bati la nyumba yako naliona. Na kwa sababu mbele yangu alikuwa amesimama Habineza, mwalimu wa Mibirizi, ameleta redio yake ya kaseti inayotafuna utepe.

"Papa Gaju," alisema, "zima hiyo kelele tuelewane."

Sikuzima. Nilizungusha kitufe cha kunyamazisha. Kitufe hicho kinafungia nje kila sauti iliyo dhaifu au iliyopasukapasuka, ili fundi asichoke na mikwaruzo. Nilikizungusha mpaka mwisho. Chumba kikatulia.

Tukaongea habari za kaseti dakika arobaini. Hata tulinywa chai.

Niliposikia kelele tena, hazikutoka kwenye redio. Zilitoka bandarini, za wanawake.

Nilishuka nikiteleza kwenye matope. Wavuvi wa Nkombo walikuwa wanaingia na mitumbwi mitatu, wameleta watu. Wengine wamekaa. Wengine wamelazwa.

Épiphanie alikuwa amekaa. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameshika kile kipaza cha redio, cha kusemea, waya wake umekatika. Wavuvi walisema wameshindwa kukitoa mkononi mwake.

"Gaju yuko wapi?"

"Niliita," alisema.

"Épiphanie. Gaju yuko wapi?"

"Niliita mara saba, Papa Gaju. Nilikuwa nahesabu. Naita, nahesabu mpaka mia tatu, naita tena. Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia nilikuwa karakana.

"Redio ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa neno la lugha asiyoijua. Kisha akasema, "Aliniponyoka boti ilipogeuka," na hakusema tena mpaka Jumatatu.

Wavuvi walitafuta siku tatu. Waliwaleta wengine. Gaju hawakumleta.

Jumatano Mzee Kayitare, kiongozi wetu wa mtaa, aliita kikao uwanjani pa bandari. Familia zote zilikuja. Épiphanie alikuja amejifunika shuka la hospitali. Ridhwani alikuja pia, amesimama nyuma na kofia yake mkononi.

"Boti ya haraka ilikuwa hapa," Kayitare alisema. "Ilikuwa na mafuta. Kutoka hapa mpaka pale ni dakika ishirini na tano. Boti ya Cirhuza ilikaa juu ya maji karibu saa nzima. Nataka mtu anielezee."

Épiphanie alisimama. Alisimama polepole.

"Mi niliita kwenye kumi na nne. Hakuna muntu. Nikaenda kwenye kumi na tano, maana huko nilisikia muntu. Alikuwa anahesabu. Magunia arobaini ya chumvi. Magunia kumi na mbili ya sabuni. Niliita, nikalia. Yeye akaendelea kuhesabu."

Watu wote waligeuka nyuma.

Ridhwani alisogea mbele. "Maman Gaju, nilikuwa nimeshika kitufe cha kusemea. Muntu akishika kitufe, hasikii. Wallahi sikusikia. Na kama redio yangu iliwaharibia, mi si fundi. Niliiacha kwa fundi, fundi aliniambia iko sawa."

Kayitare akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye unayejua mambo hayo. Redio ya Ridhwani ilikuwa na kasoro?"

Mbele yangu alikuwa mjane wa Cirhuza, na watoto wake wakubwa wawili. Upande wa kushoto, mke wangu. Wote walikuwa wananingoja mimi, kwa heshima ileile niliyokuwa naipenda.

"Redio ilikuwa nzima," nilisema.

"Basi ni nini?"

"Alishika kitufe muda mrefu."

La pili lilikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo. Watu waliyabeba yote mawili pamoja wakaenda nayo nyumbani.

Toka siku hiyo Ridhwani hakuuza. Watoto walimwimbia njiani, magunia arobaini, magunia arobaini. Mjane wa Cirhuza alikwenda akakaa mbele ya mlango wa duka, siku tatu, hasemi, amekaa tu, na hakuna mteja aliyethubutu kumruka. Siku ya nne mtu alirusha mawe. Binti mdogo wa Ridhwani alikatwa na kioo usoni.

Ridhwani alipakia mkokoteni, akavuka daraja kwenda Bukavu na mke na watoto wanne. Nilimwona akipita. Alinipungia mkono. Bado alinihesabu kuwa rafiki.

Sikuteremka.

Nilijiambia nitasema Jumapili. Kisha nikajiambia nitasema Gaju akipatikana, tukishamzika. Mtu anaweza kukaa na maneno namna hiyo siku nyingi, anakula, anajibu salamu, anatengeneza pasi za watu.

Épiphanie aliacha kukaa mezani. Alikaa nyuma ya pazia, chumbani. Nikimwita anipe kipuri, alisema: "Tafuta mwenyewe."

Wiki tatu baada ya kikao, Ridhwani alirudi. Ilikuwa asubuhi. Alikuja peke yake, na redio kwenye kitenge kilekile. Hakutania.

"Papa Gaju, kaa."

Nilikaa.

"Kule Bukavu nilikuwa silali. Nikajiuliza, nilikuwa nashika kitufe miaka yote, na boti zilikuwa zinasikika. Nikakumbuka yule mchungaji na haut-parleur yake. Nikapeleka hiyi redio kwa fundi wa kule. Ameifungua. Ameniambia ndani kuna kitu hakiko. Nikamuuliza nani amekitoa. Akasema yeye hawezi kuapa, inaweza kuwa ilitoka hivyo tangu Bujumbura."

"Inawezekana," nilisema.

Ndiyo. Hata hapo nilisema inawezekana.

"Mi nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Kama ni mimi nimeua wale batu, uniambie ni mimi. Nitakubali. Nitarudi hapa, nikae mbele yao. Lakini niambie baada ya kuangalia. Siyo mbele ya batu. Hapa, sisi wawili."

Alifunua kitenge. Redio ilikuwa wazi, kifuniko kimetolewa.

Nilivaa miwani. Niliangalia pale nilipokata, nikaangalia pengine, nikaangalia tena pengine. Nilikuwa natafuta cha kusema.

Pazia lilisogea. Épiphanie alikuja akasimama upande wake wa zamani wa meza. Hakuniuliza. Aliivuta redio kwake, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akainama.

Nilimwona anasoma. Kidole chake kilipita juu ya vipuri, kimoja, kingine, kama alivyofanya miaka yote. Kikasimama.

"Hapa palikuwa na kitu cha miguu mitatu."

"Ndiyo vile fundi wa Bukavu alisema, Maman," Ridhwani alisema.

"Miguu imekatwa. Imebaki vipande. Juu ya vipande haijaota kutu." Aliangalia tena. "Mambo ya Bujumbura hakuna. Hii ni ya juzi. Na imekatwa kwa mteremko, kutoka kushoto. Muntu anayekata hivi anatumia mkono wa kushoto."

Mimi natumia mkono wa kushoto.

Aliinua uso. Katika ndoa yetu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kabla ya Gaju aliniita Chéri, na baada ya Gaju aliniita Papa Gaju.

"Vénuste," alisema. "Ni nani alikata?"

Ridhwani alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Alikuwa hajaelewa. Kisha akaelewa, na alikaa chini kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyesukumwa.

"Ni mimi," nilisema.

"Ulijua inafanya nini?"

"Nilijua."

Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaiangalia.

"Boti ilipoanza kujaa," alisema, "Cirhuza aliniambia, Maman, shika mtoto, redio achana nayo. Nikamwambia hapana. Baba yake anasikiliza. Yule hawezi kuacha redio. Nikamushika Gaju na mkono huu, redio na mkono huu."

Alionyesha mkono wa kushoto, kisha wa kulia.

"Boti ilipogeuka, nilikuwa namushika na mkono mmoja. Huu, ule dhaifu. Kama ningejua hausikii, Vénuste, ningemushika na yote miwili."

Nje kulikuwa na watu, nilisikia mtu anakohoa. Nilidhani ni wateja.

Ridhwani alisimama, akavaa kofia yake.

"Unisamehe, Maman Gaju," alisema. "Kwake huyu sina la kusema." Akafungua mlango.

Mzee Kayitare alikuwa amesimama kizingitini, na daftari. Nyuma yake, uani kwangu, walikuwa mjane wa Cirhuza na watu wa zile familia nyingine. Ridhwani alikuwa amewapitia mmoja mmoja toka alfajiri, akiwaomba waje wasikie wenyewe fundi atasema nini. Alikuwa amewaambia: akisema ni mimi, mnifanye mtakavyo.

Kayitare aliingia, akakaa kwenye kiti alichokiacha Ridhwani. Mlango aliuacha wazi.

"Sema tena," alisema. "Polepole. Naandika."

Nilisema tena. Nilisema siku, nilisema koleo, nilisema kitufe nilichozungusha mpaka mwisho na ile chai niliyokunywa. Mjane wa Cirhuza alikuwa amekaribia mpaka dirishani, ameshika nondo za dirisha.

"Walikuwa wangapi ndani?"

"Ishirini."

"Waliotoka?"

"Tisa."

"Taja ambao hawakutoka."

Nilizoea kutaja majina kwenye daftari, saa sita na saa tisa. Nikataja. Cirhuza, nahodha, baba wa watoto watano. Nyiransabimana wa Nkombo, na wajukuu wake wawili, Izabayo na mdogo wake ambaye jina lake alinisaidia mama yao kutoka uani. Nzabonimana, mwashi. Wasichana wawili wa shule, ndugu. Feza, muuza nyanya, na mimba ya miezi saba, nikauliza kama tuihesabu, na Kayitare akasema andika pembeni. Jean-Paul, kondakta wa boti. Mzee mmoja wa Bweyeye ambaye hakuna aliyemjua, aliyezikwa bila jina.

"Hao ni kumi," Kayitare alisema.

Saba walizikwa. Wanne hawajapatikana. Mtoto mmoja wa Ridhwani ana alama usoni, na hayumo katika hesabu hii.

"Wa kumi na mmoja," Kayitare alisema.

Nilimtazama Épiphanie. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Gaju," nilisema. "Miaka tisa. Hajapatikana."